Joto katika mashine ya laminesheni: jinsi ya kulipima na kulidhibiti

Mobeni ni eneo la viwanda lililoko kusini mwa mji wa bandari wa Durban, nchini Afrika Kusini. Jina hilo linatokana na neno la Kizulu umoba, yaani muwa, nalo linakumbusha mashamba ya miwa ya pwani hiyo. Jirani na Mobeni, katika mtaa wa Merebank, kipo kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika viwanda vya namna hiyo karatasi mbichi hupitishwa juu ya mapipa makubwa ya chuma yanayopashwa moto kwa mvuke. Joto likipungua, karatasi hutoka na unyevu. Likizidi, hukauka mno na kuharibika.

Tatizo hilohilo, kwa kiwango kidogo sana, humkabili fundi wa elektroniki anayejitengenezea bodi ya saketi nyumbani kwa kutumia mashine ya laminesheni, ile inayotumika vibandani kufunika vitambulisho na vyeti kwa plastiki.

Je, kazi hiyo hufanyikaje? Mchoro wa saketi huchapishwa kwenye karatasi laini kwa printa ya leza. Wino wa printa hiyo, uitwao tona, ni unga wa plastiki. Karatasi hulazwa juu ya bodi iliyofunikwa kwa shaba, kisha vyote viwili hupitishwa kati ya rola zenye moto. Tona hulainika na kushikamana na shaba. Baadaye bodi hutiwa katika dawa inayokula shaba, na mahali palipofunikwa na tona ndipo hubakia njia za umeme.

Mafundi wengine hutumia pasi ya nguo, lakini mkono wa binadamu haukandamizi sawasawa kila mahali. Rola hukandamiza kwa nguvu moja na kwa mwendo mmoja. Hata hivyo, mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi na plastiki nyembamba, ambazo kwa kawaida huhitaji joto la kati ya nyuzi 100 na 140 za Selsiasi. Ndani ya printa ya leza, rola za kuyeyushia tona hufikia karibu nyuzi 180 hadi 200. Zaidi ya hayo, bodi ya kawaida ina unene wa milimita 1.6, na shaba yake husambaza joto upesi. Inapoingia ikiwa baridi, huinyang'anya rola joto lake. Ndiyo maana taa ya mashine inaweza kuonyesha kwamba iko tayari, ilhali tona haishiki.

Jambo la kwanza, basi, ni kupima pale kazi inapofanyika. Kipimajoto cha mwanga usioonekana, kinachoelekezwa kama bastola, husoma vizuri mpira mweusi wa rola. Lakini kikielekezwa kwenye shaba inayong'aa, hudanganya: huonyesha joto dogo kuliko lililopo, kwa kuwa shaba hutoa mionzi michache ya joto. Dawa yake ni kubandika kipande cha utepe mweusi usioungua na kupima juu yake.

Njia nyingine ni themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Mwanafizikia wa Kijerumani Thomas Johann Seebeck aliigundua tabia yake mwaka 1821. Themokapo ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ncha zake, kiasi kidogo kinachohitaji kikuza umeme.

Kila kipimajoto kinahitaji kuhakikiwa. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi 0. Maji yanayochemka Durban, Mombasa au Dar es Salaam, miji iliyo usawa wa bahari, ni nyuzi 100. Lakini msikilizaji aliyeko Nairobi au Johannesburg, miji iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600, akumbuke kwamba maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Asipozingatia hilo, atakisahihisha kipimajoto kilicho sahihi na kukiharibu.

Baada ya kupima huja kudhibiti. Mashine nyingi hutumia themostati ya metali mbili zinazojikunja zikipata moto na kuukata umeme. Joto likishuka, umeme hurudi. Kwa hiyo joto hupanda na kushuka daima, na rola, iliyo mbali kidogo na kipashajoto, huchelewa kufuata. Kidhibiti cha kielektroniki hufanya vizuri zaidi: hupunguza umeme kabla joto halijafika kikomo. Lakini kikiwa na kitambuzi kilichowekwa mahali pasipofaa, hata kidhibiti bora kitatunza joto la mahali hapo tu. Ni muhimu pia rola ziendelee kuzunguka wakati wote, la sivyo upande mmoja wa mpira utaungua.

Hapa ndipo penye hatari. Ndani ya mashine hiyo mna umeme wa volti 230 au 240, na katika baadhi ya mashine kasha la kipashajoto halikutengwa na umeme huo. Nyaya za themokapo zikigusa hapo bila kizuizi, umeme unaweza kumfikia mtu anayeshika kipimo. Mashine ichomolewe ukutani kabla ya kufunguliwa. Na ile fyuzi ya joto, inayokatika mara moja tu, isiondolewe kamwe wala kuunganishwa kwa waya. Swichi ya kidhibiti inaweza kunata ikiwa imewasha, na siku hiyo fyuzi hiyo ndiyo pekee itakayozuia moto usishike nyumba.

Viwanda vya bodi huko China siku hizi hupokea maagizo madogo kwa bei nafuu, lakini mzigo huchukua siku au majuma kufika Afrika. Kwa fundi mwenye redio ya mteja mezani, au mwanafunzi anayejaribu wazo lake, bodi inayopatikana jioni hiyohiyo bado ina thamani, mradi joto lake limepimwa na halikukisiwa.