KIFAFA HAKIAMBUKIZI: MSIMKIMBIE MGONJWA



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya kifafa. Ni ugonjwa wa tangu zamani. Injili inatusimulia habari za baba aliyemleta kwa Yesu mwanae aliyekuwa akianguka motoni na majini. Sisi wauguzi wa hospitali za misheni tunayaona mambo hayo hadi leo. Tunaletewa watu walioungua mikono na uso wakipika kwenye mafiga. Wengi wao hawakuumizwa na kifafa peke yake. Waliungua vibaya kwa sababu waliokuwapo waliogopa kuwagusa.

KIFAFA NI NINI?

Ubongo wetu hufanya kazi kwa kupelekeana habari kwa njia ya umeme mdogo sana. Chembe nyingi za ubongo zikitoa umeme huo kwa pamoja na kupita kiasi, mtu hupoteza fahamu au viungo vyake hutikisika bila yeye kutaka. Hilo ndilo shambulio la kifafa. Kwa hiyo kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ugonjwa wa mapafu. Si pepo, si laana ya ukoo, wala si kichaa. Ingawa mahali pengi dawa zake hutolewa katika kliniki ya magonjwa ya akili, mgonjwa asione haya kwenda huko.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu 80 kwa kila 100 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Watu wengi hudhani kwamba povu la mdomoni au mkojo wa mgonjwa huambukiza. Si kweli hata kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kupata kifafa kwa kumgusa mgonjwa, kula naye sahani moja au kulala naye chumba kimoja.

MAJINA YANAYOCHANGANYWA

Degedege humpata mtoto mdogo, hasa wa miezi 6 hadi miaka 5, akiwa na homa kali. Huyu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana yaweza kuwa ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Kumfukiza moshi wa kinyesi cha tembo ni kumpotezea muda wa kuishi.

Kifafa cha mimba humpata mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, na hutokana na ugonjwa wa ujauzito unaopandisha shinikizo la damu. Ni hatari kwa mama na mtoto. Akimbizwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

Kifafa chenyewe hujirudia siku mbalimbali, hata pasipo homa wala mimba.

DALILI ZAKE

Shambulio linalojulikana na wote ni lile la kuanguka ghafla, kukakamaa, kutikisika mwili mzima, kutoa povu na pengine kujikojolea. Baadaye mgonjwa hulala usingizi mzito na kuamka amechoka. Lakini ziko dalili nyingine zisizotambuliwa upesi. Mtoto anaweza kuduwaa kwa sekunde chache darasani, na mwalimu akadhani ni mzembe. Mwingine mkono mmoja huchezacheza wenyewe. Mwingine hutafunatafuna hali hana kitu mdomoni.

Mara nyingi mgonjwa hufika kwa daktari shambulio limekwisha, naye mwenyewe hakumbuki kitu. Kwa hiyo aliyeshuhudia aje naye. Aeleze lilianzaje, lilianzia kiungo gani, lilichukua dakika ngapi, na mgonjwa alikuwaje baadaye. Maelezo hayo humsaidia sana daktari.

KINATOKANA NA NINI?

Si kila mara chanzo hujulikana. Lakini vyanzo vingi ni hivi:

1. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, hasa uchungu ulipochukua muda mrefu na mtoto akachelewa kulia.

2. Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo. Mtoto aweza kupona homa lakini akabaki na kovu katika ubongo.

3. Kuumia kichwa. Siku hizi ajali za bodaboda zinaongeza majeraha ya namna hii, na wengi wanaoumia hawakuvaa kofia ngumu. Kifafa chaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya ajali.

4. Kiharusi. Mzee anayeanza kuanguka kifafa uzeeni apimwe shinikizo la damu na kisukari.

5. Minyoo ya tegu ya nguruwe. Hapa yafaa tueleze vizuri. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake. Mtu mwingine akiyameza kwa mikono michafu, mboga au maji, viluwiluwi vyake huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata asiyekula kitimoto aweza kuugua. Tatizo hili limeonekana katika sehemu za nchi yetu zinazofuga nguruwe huria, kama Mbulu na Mbozi.

6. Usubi. Huu ni ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi weusi wadogo wa kwenye mito iendayo kasi.

TUJIFUNZE KUTOKA MAHENGE

Huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta wagonjwa wengi wa kifafa, na wengi wao wakiwa na makovu ya moto. Watu waliogopa kuwagusa. Alifungua kliniki na kuwapa dawa, hasa fenobabitoni. Wengi walipata nafuu, na majirani waliona kwa macho yao kwamba ugonjwa huu unatibika. Aliandika pia juu ya watoto walioangusha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, hali ambayo baadaye ilionekana pia Sudan Kusini na Uganda ya kaskazini.

Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba kifafa cha namna hii kinakwenda pamoja na usubi. Ndiyo maana vidonge vya kingatiba ya usubi vinavyogawiwa vijijini visidharauliwe. Dawa hiyo huua viluwiluwi, lakini minyoo mikubwa huishi zaidi ya miaka 10, kwa hiyo imezwe kila inapogawiwa, hata na asiyejisikia kuumwa. Watoto walio chini ya miaka 5 na mama wajawazito hawapewi.

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

1. Usikimbie. Msogeze mbali na moto, maji au barabara. Mguse bila hofu.

2. Weka kitu laini chini ya kichwa chake. Legeza nguo za shingoni.

3. Usimkandamize kwa nguvu ili kuzuia kutikisika.

4. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Mtu hawezi kumeza ulimi wake, lakini meno yake yaweza kuvunjika na kidole chako kikakatwa.

5. Usimmwagie maji wala kumnusisha kiatu. Usimpe kinywaji wala dawa ya kumeza mpaka azinduke kabisa.

6. Kutikisika kukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje.

7. Tazama saa, kaa naye mpaka ajitambue, na mfunike kama amejikojolea. Heshima yake i mikononi mwako.

Mpeleke hospitali haraka ikiwa shambulio limepita dakika 5, au linafuatwa na jingine kabla hajazinduka, au ni mara yake ya kwanza, au ameumia, au ameanguka majini, au ana homa, au ni mjamzito.

MATIBABU

Dawa za kifafa zipo, na si zote za gharama kubwa. Fenobabitoni imetumika tangu mwaka 1912. Zipo pia kabamazepini, fenitoini na valpruweti. Hii ya mwisho yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo msichana au mama anayeitumia aonane na daktari mapema, lakini asiiache ghafla kwa hofu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu hadi 70 kwa kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Neno tunalolirudia kila siku kliniki ni hili: dawa imezwe kila siku, saa ile ile, hata kama mgonjwa hajaanguka kwa miezi mingi. Haanguki kwa sababu dawa inafanya kazi. Akiiacha ghafla aweza kuanguka mfululizo na hata kufa. Daktari peke yake ndiye atakayeamua kuipunguza polepole, mara nyingi baada ya miaka 2 au zaidi bila shambulio. Dawa isisubiriwe mpaka iishe. Siku ya kwenda kliniki iwekwe kama ya kwenda Misa. Mgonjwa akitokwa na vipele au akisinzia kupita kiasi, arudi upesi. Anayetumia pia dawa za ARV au za kifua kikuu aseme, kwa sababu dawa hizo zaweza kupunguzana nguvu.

Tusali pamoja na wagonjwa wetu, ndiyo. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani anamhatarisha. Mungu huponya pia kwa mikono ya waganga na wauguzi.

NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

Mgonjwa asipike peke yake kwenye moto ulio chini. Jengeni jiko la udongo lililoinuliwa. Asichote maji kisimani wala kuvua samaki peke yake, asipande miti, asiendeshe pikipiki wala gari. Aepuke pombe na kukesha. Lakini asifungiwe ndani. Mtoto aende shule, na mwalimu aelezwe la kufanya. Kijana ana haki ya kufanya kazi, kuoa au kuolewa.

Tunawaomba makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waulize: katika jumuiya yetu, nani haji kwa sababu ya kifafa? Nani anakula kwenye sahani yake peke yake? Mtembeleeni, kaeni naye, kuleni naye, kisha mmoja wenu amsindikize kliniki.

Kinga nayo isisahauliwe. Mama ajifungulie hospitali, mtoto apate chanjo zote na alale ndani ya chandarua, tuchimbe na kutumia choo, nguruwe wafungiwe bandani, na nyama yake iive vizuri.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kiharusi. Tunawatakia afya njema na baraka za Mungu.