Python iliyokompailiwa kwa mkono na kupanda kwa Ubuntu

Kukompaili ni kuugeuza msimbo chanzo, yaani maandishi anayoyasoma binadamu, uwe maelekezo yanayotekelezwa na prosesa. Python, lugha ya programu inayofundishwa sana vyuoni, yenyewe ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, kwa hiyo nayo hukompailiwa. Wengi hawalioni hilo kwa kuwa mfumo endeshi wa Ubuntu huja na Python iliyokwisha kutayarishwa: Ubuntu 20.04 ina Python 3.8, na 22.04 ina 3.10. Anayetaka 3.11 mara nyingi huikompaili mwenyewe. Ni huyo anayepata taabu siku mfumo endeshi unapopandishwa kutoka 20.04 hadi 22.04.

Chukua mfano wa reli. Kituo cha Bukene, wilayani Nzega, kipo kwenye reli ya Tabora–Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Nafasi kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. Reli mpya ya SGR inayojengwa kutoka Tabora kuelekea Isaka ina milimita 1,435. Behewa la zamani halina kasoro, ila magurudumu yake hayakai kwenye njia mpya. Programu iliyokompailiwa juu ya mfumo wa zamani huwa katika hali ya namna hiyo, ingawa si magurudumu yote yanayokataa. Maktaba ya msingi ya C, glibc, ilipanda kutoka 2.31 hadi 2.35 bila kuwafungia mlango wa zamani, kwa hiyo Python inawaka kama kawaida, na mwenyewe hudhani kila kitu ni shwari.

Shida huibuka pip, chombo cha kupakua vifurushi vya Python, inapoambiwa ipakue kitu. Ubuntu 20.04 ilitumia maktaba ya usalama ya OpenSSL 1.1, na 22.04 inatumia OpenSSL 3. Python ya zamani inatafuta faili liitwalo libssl.so.1.1, na faili hilo halipo tena. Bila maktaba hiyo hakuna mawasiliano salama, na bila mawasiliano salama pip haipakui chochote. Moduli ya ctypes nayo hugoma, kwa kuwa maktaba inayoitegemea, libffi, imebadili namba kutoka 7 kwenda 8. Kuokoteza libssl ya zamani mtandaoni na kuibandika ni dawa mbaya: maktaba ya usalama isiyopata marekebisho ni mlango usio na komeo.

Dawa ni kukompaili upya. Kwanza husakinishwa build-essential, libssl-dev, libffi-dev na zlib1g-dev, kwa sababu kompaila inahitaji maelezo ya maktaba mpya, si maktaba zenyewe tu. Msimbo chanzo uliobanwa ni kama megabaiti 20, mzigo usiomaliza bando. Kisha huja amri za configure, make, na mwisho make altinstall. Neno altinstall lisirukwe: huweka python3.11 pembeni, ilhali install ya kawaida huliteka jina python3 ambalo watu na skripti zao wamezoea kuliita.

Make hulinganisha saa za mafaili, na kukompaili yale tu ambayo chanzo chake ni kipya kuliko zao lake. Umeme ukikatika katikati, kazi huendelea pale ilipoishia. Tabia hiyohiyo ni mtego kwenye folda ya zamani: make huona hakuna kilichobadilika na kuyaacha mazao ya Ubuntu 20.04 yalivyo, kwa hiyo make distclean hutangulia. Kwenye kompyuta ya mtumba ambayo betri ya saa imekufa, tarehe hurudi nyuma miaka, na make hulalamika kwamba faili limetoka wakati ujao. Saa irekebishwe kwanza.

Configure haisimami libssl-dev ikikosekana. Make humaliza kazi kwa amani, na karibu na mwisho wa mistari mingi hutaja moduli zisizopatikana. Mistari hiyo ndiyo ya kusoma, kabla ya kusakinisha. Baada ya hapo, amri python3.11 -c "import ssl, ctypes" ikirudi kimya, maktaba zimeshikana. Mazingira ya venv yanaielekea Python ileile kwa kiungo, hivyo huamka yenyewe, isipokuwa vifurushi vilivyokompailiwa humohumo kwa C dhidi ya maktaba zilizoondoka. Vifurushi hivyo hufutwa na kusakinishwa upya.