Mkaratusi na Chemchemi: Tupande Wapi?

Katika ziara zetu parokiani, swali moja linarudi mara kwa mara: je, ni kweli mikaratusi inakausha maji? Kamati nyingi zimepanda miti hii, inayoitwa pia milingoti katika Nyanda za Juu Kusini, ili kupata nguzo, kuni na fedha za ujenzi. Wakati huohuo akina mama wanalalamika kwamba chemchemi haitoi maji kama zamani. Wengine wanataka miti yote ing'olewe. Wengine wanasema ni ukame tu.

Kila mti hunywa maji, wa asili na wa kigeni. Mkaratusi, uliotoka Australia, hukua haraka, hubaki na majani hata wakati wa kiangazi, na mizizi yake inaweza kushuka chini sana. Si kwamba unapoteza maji ovyo. Unatengeneza mbao nyingi kwa muda mfupi, na kazi hiyo inahitaji maji mengi. Miti yetu mingi ya asili hukua polepole, hivyo kwa mwaka hutumia maji kidogo zaidi.

Wenzetu wa Afrika Kusini walianza kupima jambo hili tangu miaka ya 1930, baada ya wakulima kulalamika kwamba mashamba ya miti yanapunguza mito. Huko Mokobulaan, mwaka 1969, mikaratusi ilipandwa kwenye bonde dogo lililokuwa na nyasi za asili. Mwaka wa 9 kijito kilikauka kabisa. Kwenye bonde la jirani walipanda misindano mwaka 1971, na kijito chake kikakauka mwaka wa 12. Mikaratusi ilikatwa ikiwa na miaka 16, lakini maji ya kudumu yalirudi baada ya miaka 5 mingine. Tangu mwaka 1998 sheria ya maji ya nchi hiyo inahesabu mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito.

Hatusemi mkaratusi ni adui. Umesomesha watoto na kuezeka makanisa. Tunachosema ni kwamba kila mti uwe mahali pake. Hapa Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito. Kwa hiyo tunashauri kamati:

- Mikaratusi ipandwe mbali na chemchemi, mito na mabonde yenye maji.
- Iliyopo karibu na maji ivunwe kwa awamu, na machipukizi ya visiki yaondolewe kila mara, maana mti huu huchipua tena.
- Penye chemchemi ipandwe miti ya asili ya eneo hilo, kama mkuyu na mzambarau wa mwituni, na mifugo izuiwe.
- Wananchi wasiahidiwe kwamba maji yatarudi mara moja.

Kwa wahisani wetu tuna ombi moja. Taarifa za miradi mara nyingi huhesabu miche iliyopandwa, na mti unaokua haraka hupendeza kwenye picha. Mradi wa chemchemi unahitaji miaka mingi ya palizi na ulinzi. Tuhesabu pia ndoo ambazo mama anaweza kuchota mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza.