Adui wa Gundi ya Meno ni Mate

Dawa nyeupe ya kuziba jino ikibanduka baada ya miezi michache, mgonjwa hulaumu dawa. Mara nyingi dawa haina kosa. Uharibifu ulitokea katika sekunde chache pale kitini, mate yalipogusa jino ambalo daktari alikuwa amekwisha kuliandaa.

Maandalizi hayo yalianza na Michael Buonocore, mtafiti wa Rochester, Marekani, ambaye mwaka 1955 alionyesha kwamba enameli, yaani tabaka la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki hushikana vyema na plastiki. Enameli ni madini kwa asilimia 96 hivi ya uzito wake. Asidi huila kidogo na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Gundi ya majimaji huingia humo, kisha hugandishwa kwa mwanga wa buluu na kujishikiza kama mizizi ardhini.

Mate yakiwahi vitundu hivyo kabla ya gundi, protini zake huvifunika kwa utando mwembamba. Kupuliza hewa hakusaidii, kwa sababu maji hukauka lakini protini hubaki. Daktari makini huosha, hukausha na kupaka asidi upya kwa sekunde chache. Damu huleta shida hiyohiyo. Hata mafuta kutoka kwenye kompresa ya hewa huzuia gundi kushika.

Chini ya enameli iko dentini, nayo ina masharti yake. Imejaa nyuzi za kolajeni, na ikikaushwa mno baada ya asidi, nyuzi hizo hulaliana na kuifungia gundi njia. Kwa hiyo dentini huachwa na unyevu kidogo, lakini unyevu wa maji safi, si wa mate.

Mambo hugeuka kabisa kwa kofia za meno zilizotengenezwa kwa zirkonia, aina ya kauri ngumu. Zikijaribiwa mdomoni, fosfati iliyomo katika mate hung'ang'ania uso wake wa ndani. Kuzisafisha kwa asidi ya fosforiki ni kuongeza fosfati nyingine juu ya ile ya kwanza. Zinahitaji kupulizwa chembe laini za oksidi ya alumini au kusafishwa kwa dawa maalumu. Kinachoitibu enameli huidhuru zirkonia.

Kinga bora ni kuyazuia mate yasifike. Tangu mwaka 1864, daktari Sanford Barnum wa New York alipobuni karatasi ya mpira ya kulitenga jino, njia hiyo haijapitwa na wakati. Pasipo mpira huo, pamba na mrija wa kufyonza mate hufanya kazi, mradi pamba ibadilishwe mapema.

Basi ukiwa kitini, vumilia mpira na pamba, usifunge mdomo wala kuusogeza ulimi hadi uambiwe. Mate yakikuzidi, inua mkono umjulishe daktari. Dakika chache za jino kavu ndizo zitakazoamua kama utarudi mapema au la.