Jina la Mshirazi na Suala la Asili Visiwani Unguja na Pemba

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi jina la Mshirazi lilivyotumiwa visiwani Unguja na Pemba, na kwa nini haifai kulichukua kuwa ni ushahidi wa nasaba peke yake.

Asili ya neno ni Shiraz, mji wa Uajemi. Masimulizi ya miji kadha ya mwambao, Kilwa ikiwa mojawapo, yanadai kuwa watawala wa kale walitoka huko. Hata hivyo, wenyeji wa visiwani wamekuwa pia na majina yao mengine: Wahadimu, Watumbatu na Wapemba.

Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walijiita Waswahili. Punde jina hilo nalo likaambatana na dhana ya utumwa, na watu wakaliepuka. Katika hesabu ya watu ya 1924 maelfu walijiandikisha kuwa Waswahili. Katika ile ya 1931 idadi yao ilikuwa imepungua mno. Watu hao hawakufa wala hawakuhama. Kilichobadilika ni jina.

Serikali ya kikoloni ilizidisha uzito wa majina haya. Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926, Waarabu na Wahindi walipewa wajumbe. Mwafrika wa kwanza aliteuliwa mwaka 1946. Hivyo kujitaja kulikuwa ni kudai haki. Mwaka 1957 chama cha Afro-Shirazi kiliunganisha majina mawili kwa kistari kimoja. Mwaka 1959 baadhi ya viongozi Washirazi wakajitenga na kuunda chama kingine. Jina lilikuwa moja, siasa mbili.

Je, dai la Uajemi ni hekaya tupu? Lugha yenyewe ni ya Kibantu kwa ngeli na vitenzi vyake. Lakini uchunguzi wa mifupa ya kale ya mwambao, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa damu ulikuwa umeanza kufikia mwaka 1000 hivi: upande wa kuukeni hasa ni wa Kiafrika, na upande wa kuumeni, kwa sehemu kubwa, ni wa Kiajemi. Aliyesema "Mwafrika" na aliyesema "Mshirazi" wote walikuwa na sehemu ya ukweli.

Kwa hiyo, mtunga kamusi anayefasili neno hili kuwa "mtu wa asili ya Uajemi" na kuishia hapo huwa ameandika dai la upande mmoja. Hana budi kuonyesha pia nani alilitumia, lini, na dhidi ya nani.