Marekani: Robert Clark, mwalimu wa kijijini aliyekaa miaka 36 katika bunge la jimbo

Mwezi wa kwanza mwaka 1968, mwalimu mmoja kutoka mashambani aliingia katika bunge la jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Wabunge walikuwa 122, na Mweusi alikuwa yeye peke yake. Katika ukumbi ule, mjini Jackson, wabunge waliketi wawili wawili kwenye meza moja. Kwenye meza ya Robert Clark kiti cha pili kilibaki kitupu. Aliketi hivyo kwa miaka 8.

Clark alifariki mwezi wa tatu mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 96. Maisha yake yanajibu ulizo ambalo wakaaji wengi wa mashambani wanajiuliza kila baada ya uchaguzi: mbunge mmoja kutoka kwetu, katikati ya wengine wengi, anaweza kufanya nini?

Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, kama majimbo yetu. Tofauti moja ni kwamba kule liwali wa jimbo anachaguliwa na raia wenyewe, si na wabunge. Lakini bunge ndilo linalotunga sheria za jimbo na kupitisha bajeti: shule, barabara, mishahara ya walimu.

Shamba kwanza, kura baadaye

Clark alizaliwa mwaka 1928 huko Ebenezer, katika wilaya ya Holmes. Ni wilaya ya wakulima: magharibi kuna bonde la pamba, mashariki kuna vilima. Weusi walikuwa wengi kuliko Weupe, lakini karibu wote hawakupiga kura. Katiba ya jimbo ya mwaka 1890 ilikuwa imeweka kodi ya kupiga kura pamoja na mtihani. Karani Mweupe ndiye aliyemchagulia mtu kipengele cha katiba cha kueleza, na ni yeye aliyeamua kama jibu ni zuri.

Tena, watu wengi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na hata nyumba waliyolala ilikuwa ya mwenye shamba. Aliyethubutu kwenda kujiandikisha aliweza kufukuzwa kesho yake.

Lakini Holmes ilikuwa na sehemu moja ya pekee, Mileston. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930, serikali kuu ilinunua huko mashamba makubwa ya zamani, ikayakata vipande na kuviuzia familia za Weusi kwa mkopo wa muda mrefu. Mwenye shamba lake hakuwa na bosi wa kumfukuza. Ndiyo maana vuguvugu la kura lilianzia kwa wakulima hao.

Tarehe 9 mwezi wa nne mwaka 1963, watu 14 walikwenda Lexington, makao makuu ya wilaya, kuomba kuandikishwa. Aliyetangulia alikuwa mkulima Hartman Turnbow. Mwezi uliofuata, nyumba yake ilishambuliwa usiku kwa moto na risasi, naye akajibu kwa bunduki yake. Kisha yeye ndiye aliyekamatwa, akishitakiwa kwamba ameichoma nyumba yake mwenyewe.

Mwaka 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ilipitishwa Washington, na mtihani ule ukaondolewa. Watu wa Holmes walikuwa tayari wamejipanga.

Mlango mmoja ulifungwa, akafungua mwingine

Clark alikuwa mwalimu, na familia yake pia ilikuwa na shamba lake. Aliomba viongozi wa shule wa wilaya waanzishe masomo kwa watu wazima wasiojua kusoma. Wakakataa. Ndipo akasema atagombea cheo cha msimamizi wa shule, kilichokuwa kinapigiwa kura. Bunge la jimbo likabadilisha sheria: msimamizi wa Holmes atateuliwa, hatachaguliwa tena.

Mwaka 1967 akagombea kiti katika bunge lenyewe lililobadilisha sheria hiyo, akiungwa mkono na chama cha Mississippi Freedom Democratic Party. Alimshinda mbunge Mweupe aliyekuwa kwenye kiti hicho. Tangu karne ya 19 hakuna Mweusi aliyekuwa ameingia katika bunge hilo.

Miaka ya kwanza ilikuwa migumu. Mbunge mmoja asiye na wa kumuunga mkono hawezi kupitisha sheria. Alichoweza kufanya ni kubaki, kujifunza kanuni za bunge, na kurudi kwa wapiga kura wake.

Wakati huo nyumbani kwake mambo yalikuwa yanawaka. Mwezi wa kumi 1969, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyobeba jina la wilaya ya Holmes, kwamba watoto Weusi na Weupe wasome pamoja mara moja, bila kungojea tena. Wazazi Weupe wengi waliwaondoa watoto wao na kuwapeleka katika shule za binafsi. Shule za serikali zikabaki za Weusi na za maskini.

Sheria ya mwaka 1982

Wabunge wengine Weusi walianza kuingia mwaka 1976. Mwaka uliofuata Clark akawekwa kuwa mkuu wa tume ya elimu, na hapo ndipo subira yake ilipoanza kuzaa.

Mississippi ilikuwa jimbo la mwisho Marekani lisilo na shule za serikali za watoto wadogo, zile tunazoita maternele. Hata sheria ya kumlazimisha mtoto asome ilikuwa imefutwa mwaka 1956, kwa kuogopa watoto wasichanganywe. Mwanzoni mwa mwaka 1982, muswada wa maternele ulifika bungeni siku ya mwisho. Wabunge wakasimama kudai kura ihesabiwe kwa majina. Spika akajifanya hakuwaona, akafunga kikao.

Aibu hiyo ilionyeshwa hata kwenye televisheni ya taifa. Liwali William Winter alizunguka jimbo kuwaeleza raia, kisha akaitisha kikao cha pekee mwezi wa 12. Clark na wenzake wakaupitisha mpango mzima: maternele katika jimbo lote kuanzia mwaka 1986, kulazimisha watoto wasome, wasaidizi wa walimu katika madarasa ya kwanza, na nyongeza ya mishahara.

Hakushinda kila mahali. Mwaka 1982 na tena mwaka 1984 aligombea bunge la taifa, akashindwa mara zote mbili kwa kura chache. Mwaka 1986 Mweusi mwingine, Mike Espy, alishinda kiti kile kile.

Clark alirudi Jackson kuendelea na kazi. Mwaka 1992 wabunge wenzake walimchagua kuwa msaidizi wa spika. Alipostaafu, alikuwa amemaliza miaka 36, na jengo moja la serikali mjini Jackson likapewa jina lake. Mwanawe, Bryant Clark, alichaguliwa mwaka 2003 kuchukua kiti chake.

Holmes haikutoka katika umaskini. Hadi leo inahesabiwa kati ya wilaya maskini zaidi Marekani, na vijana wengi wanahama. Sheria moja haikutosha kubadili hali hiyo. Lakini kila asubuhi mtoto wa miaka mitano wa Ebenezer au Mileston anaingia darasani kwa gharama ya jimbo. Aliyeketi peke yake mwaka 1968 ni mmoja wa watu waliomfungulia mlango huo, pamoja na wakulima 14 waliokwenda Lexington kabla yake.