Ndege wa Mida Hufuata Maji, Si Mapambazuko

Mtu anayetaka kwenda peke yake kuangalia ndege huambiwa kwanza adamke. Kwa msitu, ushauri huo hauna dosari. Katika Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ndege huimba kwa wingi kunapopambazuka, na jua likishapanda wengi hunyamaza na kujificha majanini. Lakini ukivuka barabara kuu inayopita kando ya msitu huo ukateremka hadi Hori ya Mida, karibu na Watamu, kanuni hiyo haikufai tena. Hapa, kati ya mikoko na mchu, kuna uwanda mpana wa tope na mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na bahari mara mbili kila siku, nao ndio shamba la ndege wahamiaji wanaotoka Siberia na Arabia. Hoja ninayoitetea ni hii: anachokiona mtu asubuhi moja huko Mida ni kipimo cha maji kwanza, kisha ndipo kiwe kipimo cha ndege. Asiyeandika hali ya maji pamoja na hesabu yake hajaleta ushahidi, hata akiwa na darubini nzuri kiasi gani.

Wavuvi wa pwani hii hawahitaji kufundishwa sababu yake. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na katika pwani hii bamvua hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Wiki moja baadaye ni maji mafu: saa nne hiyohiyo ndiyo saa ya kujaa, tena maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Ndani ya hori mambo huchelewa kidogo, kwa kuwa maji yote hupita mlango mwembamba, ila mpangilio haubadiliki. Asubuhi mbili za mwezi mmoja, zenye jua lilelile na upepo uleule, zinaweza basi kuwa kinyume kabisa kwa ndege: moja ni ya kula, nyingine ni ya kusimama kwa mguu mmoja kungoja.

Mtazame kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, maji yanapoanza kurudi. Haendi popote tu. Huandamana na ukingo wa maji, akichoma tope haraka haraka bila kuangalia anachochoma. Ndege wa kundi lake wana vihisio vidogo vingi kwenye ncha ya mdomo, vinavyotambua mguso na msukumo ndani ya tope. Tope bichi huruhusu mdomo kupenya na minyoo bado iko juu. Likikauka, hugeuka gumu na minyoo huzama. Nyuma yake, palipokwisha kukauka, kaa wadogo hutoka mashimoni: dume akipunga gando moja kubwa na kula kwa lile dogo lililobaki, jike akichota mchanga kwa magando mawili na kuacha vidonge vidogo vilivyokwisha kunyonywa chakula. Hapo ni zamu ya ndege wanaowinda kwa macho, wanaokimbia, wakasimama ghafla, kisha wakadona. Wengi wao hula hata usiku maji yakipwa. Hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba si jua linalopanga siku yao.

Matokeo yake kwa sayansi si madogo. Tangu 1967 ndege wa majini wamekuwa wakihesabiwa kila Januari katika nchi nyingi, na kupungua kwao hugunduliwa kwa kulinganisha mwaka na mwaka. Chukua mfano wa kubuni: mwaka huu mtu ahesabu kutoka sehemu ileile wakati bamvua limekupwa na ndege wametawanyika mbali tope lote, mwaka ujao ahesabu maji yakiwa yamejaa na ndege wamesongamana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Takwimu zitasema ndege wameongezeka maradufu, kumbe hakuna hata mmoja aliyezidi.

Wapo watakaosema alfajiri ina mwanga mwororo, na kwamba mchana joto hufanya picha kwenye darubini itetemeke. Ni kweli, na ndiyo maana asubuhi hubaki na thamani. Ila ichaguliwe kwa umri wa mwezi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtu mmoja hukosea: akihesabu hawezi kuandika, na kundi likiruka lamchanganya. Nakubali. Hata hivyo kosa linalorudiwa kwa namna ileile, kutoka mahali palepale na katika maji yaleyale, haliharibu ulinganisho kama linavyouharibu kosa linalobadilika kila safari. Tena mtu aliyetulia peke yake huwarusha ndege mara chache kuliko kundi la watu, na kila wanaporushwa huteketeza mafuta wanayoyahitaji sana, hasa karibu na Aprili wanapojiandaa kurudi kaskazini.

Wengine huuliza kwa nini tusiziachie kazi hii setilaiti na kamera za angani. Kwa kupima eneo la mikoko, tuziachie. Lakini huko Mida hukusanyika kwa mamia ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Dromas ardeola. Huzaliana hasa kwenye fukwe na visiwa vya pande za Arabia, akitaga ndani ya shimo mchangani, kwa kawaida yai moja, huku joto la mchanga likisaidia kuliatamia. Kinda humfuata mzazi hadi Afrika, na miezi mingi baadaye bado humwomba chakula. Kinda hutambulikana kwa mgongo wake wa kijivu. Mtu mwenye subira anaweza basi kuhesabu ni wangapi wa kijivu katika kila ndege mia, na kwa uwiano huo akakadiria kama msimu wa kuzaliana ulikwenda vizuri kule mbali. Hahitaji kuwaona wote. Anahitaji tu sampuli isiyopendelea. Hapo maji hurudi kudai haki yake, kwa sababu wazazi na makinda wakila sehemu tofauti za tope, uwiano wa saa ya kupwa hautalingana na ule wa saa ya kujaa. Hesabu hiyo ikiwekwa karibu na zile za Barr Al Hikman kule Oman, ambako ndege hawa pia hupitisha majira ya baridi kwa wingi, itawezekana kujua kama upungufu unaoonekana Mida ni wa Mida peke yake au umeanzia mashimoni walikozaliwa.